Bustani Mbele, Uani Nyuma: Matembezi katika Mitaa ya Eastlands

Mtu wa pwani anapofika Nairobi na kuelekezwa upande wa mashariki wa mji, majina ya mitaa humpokea kama jamaa. Majengo, Pumwani, Kaloleni, Ziwani, Makadara, Pangani, Shauri Moyo, Starehe, Bahati. Majengo na Makadara tunazo Mombasa, Kaloleni iko Kilifi, na Pangani iko kusini ya Tanga. Lakini majina ni jambo moja na nyumba ni jambo jingine. Nyumba nyingi za mitaa hiyo hazikuzaliwa na lugha iliyozipa majina. Asili yake ni viunga vya miji ya Uingereza, na waliozileta ni watu ambao wao wenyewe hawakulala ndani yake hata usiku mmoja.

Watu hao ni tabaka la kati la Waingereza: makarani wa benki, walimu, wahandisi, maofisa wa serikali na wake zao. Hawakuwa mabwana wenye majumba ya mawe na misitu ya kuwindia, wala hawakuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda. Kwetu sisi tumezoea kusimuliwa habari za masetla wenye vyeo na mashamba yasiyo na mwisho, na za magavana wenye kofia za manyoya. Nionavyo mimi, athari iliyodumu nyumbani kwetu si ya hao, bali ni ya yule karani wa kiungani aliyetaka nyumba yake peke yake, mke wake ndani, watoto wawili au watatu, ua wa miti mbele na kipande cha nyasi nyuma.

Fikira hiyo ilikuwa na historia yake huko kwao. Mwaka 1898 Ebenezer Howard, aliyekuwa mwandishi wa hati bungeni London, alitoa kitabu akipendekeza miji mipya yenye mashamba na bustani, ili mtu apate kazi ya mji na hewa ya kijijini kwa pamoja. Letchworth ilianzishwa kwa fikira hizo mwaka 1903, na Welwyn ikafuata mwaka 1920. Baina ya vita viwili vya dunia Uingereza ilijenga karibu nyumba milioni 4, nyingi zikiwa viungani mwa miji, na nyingi zikinunuliwa kwa mkopo wa miaka mingi wenye riba. Mwenye nyumba hizo alipanda garimoshi asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni kukata nyasi zake. Moyoni mwake alijihesabu mtu wa shamba. Babu yake ndiye aliyetoka kijijini, naye mjukuu aliendelea kukiota kijiji hicho katika maua ya waridi na ua uliokatwa sawasawa.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na tangu mapema iligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walichukua upande wa magharibi, kwenye miinuko yenye udongo mwekundu, ambako chochote kinachotiwa ardhini huota. Waafrika waliwekwa mashariki, uwanda tambarare wa udongo mweusi mzito, karibu na reli na viwanda. Udongo huo mvua ikinyesha hunata kama gundi, na jua likiwaka hupasuka hata mkono wa mtoto ukaingia katika nyufa. Nalitaja jambo hili makusudi, kwa sababu baadaye tutaambiwa habari za bustani.

Kwa muda mrefu wenye mamlaka hawakukubali kwamba Mwafrika ana familia mjini. Kwao alikuwa kibarua mwanamume, aliyestahili kitanda tu. Mke na watoto wabaki kijijini, naye arudi huko nguvu zikimwisha. Kariokor, ambayo jina lake limetokana na kile kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ilipata mabweni ya namna hiyo, na nyumba za reli za Muthurwa nazo zilikuwa za chumba kimoja kimoja. Mahali palipokuwa na maisha ya kifamilia, kwa kadiri yalivyoruhusiwa, ni Pumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ya mji ilikata viwanja huko, na watu wakajijengea wenyewe.

Walijenga nini? Walijenga nyumba ya Kiswahili. Ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, mlango wa mbele unaofungukia baraza, na nyuma uani ambako kuna jiko, choo na kamba za nguo. Kuta zilikuwa za udongo na paa la mabati au madebe yaliyokunjuliwa, lakini ramani yake ni ile ile ya Mji wa Kale, Malindi na Tanga. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na vilivyobaki akapangisha. Wenye nyumba hizo walikuwa Waislamu kwa wingi, wenye asili ya pwani, Wanubi, na watu wa bara waliosilimu mjini. Sehemu kubwa yao walikuwa wanawake. Watafiti waliokwenda kuwahoji wazee wa kike wa Pumwani katika miaka ya 1970 waliandika habari za wanawake waliokuja mjini mikono mitupu, baadhi yao kwa njia zenye dhiki ambazo hawakuzificha, wakanunua au kujenga nyumba kwa majina yao wenyewe. Katika koloni ambalo sheria na desturi zilimtaka mwanamke awe chini ya paa la mwanamume, hilo si dogo.

Watu wa Majengo walikuwa tofauti na jirani zao kwa jambo jingine. Mluo, Mkamba au Mkikuyu wa mitaa ya mashariki ana nyumba ya mjini, ana na nyumbani. Desemba hufunga mlango akaenda, na akifa jeneza hupakiwa gari. Katika hili anafanana na yule Mwingereza wa kiungani, isipokuwa yeye kijiji chake kipo kweli na anakifikia. Wazee wa Majengo hawakuwa na pengine pa kurudi. Walizikwa makaburi ya Waislamu ya Kariokor, mwendo mfupi kutoka Msikiti wa Riyadha. Sisi wa pwani jambo hili tunalielewa bila kuelezwa, maana mababu zetu ni watu wa miji tangu karne nyingi. Mipango ya Waingereza haikulielewa. Nyumba ya Majengo waliiona kibanda cha muda chenye msongamano, nao wakatafuta dawa.

Dawa ilikuja kwa sababu ya hofu. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na mbele ya tume iliyoundwa baadaye malalamiko ya mishahara na malazi yalisikika waziwazi. Mwaka 1947 Mombasa iligoma tena, mji mzima ukasimama. Maofisa wakaanza kusema kwamba mfanyakazi asiye na familia pembeni mwake hana cha kupoteza. Apewe nyumba, mke aje, watoto wasome, naye atatulia. Kwa maneno mengine, watengeneze tabaka la kati la Kiafrika, na mfano waliokuwa nao mkononi ni wao wenyewe. Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa Nairobi, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, ukaichora mitaa kama vijiji vinavyojitosheleza, kila kimoja na shule yake, maduka yake, ukumbi wake na uwanja wake wa majani.

Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ndiyo mfano ulio wazi zaidi, na mgeni yeyote wa Nairobi ningemshauri aende kuiona kabla haijatoweka. Ukitoka kwenye kelele za Jogoo Road na kuingia ndani hatua mia mbili, unahisi kwamba mtu amepunguza sauti ya mji. Nyumba ni fupi, za mawe, na paa za vigae. Barabara zimepindapinda, na nafasi wazi za majani zimeachwa baina ya safu za nyumba, na miti mikubwa iliyopandwa zamani hizo. Yaani ni Letchworth iliyopunguzwa vyumba. Chini ya paa lile ambalo huko Uingereza lingefunika sebule, jiko la ndani na vyumba vitatu vya kulala, Kaloleni kuna chumba au viwili. Bustani ilikuja, nafasi ya ndani haikuja.

Katikati pako jumba la mikutano. Mpangaji alikusudia wenyeji wakutane humo kwa dansi, darasa za usiku na michezo ya kuigiza, kama ifanywavyo katika kumbi za vijiji vya Kiingereza. Wenyeji walikutana kweli, lakini kwa siasa. Tom Mboya na Argwings-Kodhek walihutubia hapo, na watu wakalibandika jumba hilo jina la House of Commons, yaani baraza la chini la Bunge la Uingereza. Utani huo naupenda sana. Waliletewa ukumbi wa kijiji, wakaufanya bunge.

Mitaa mingine iliyofuata ina majina yenye uchungu wa wakati huo. Mbotela imeitwa kwa Tom Mbotela, diwani aliyeuawa mwaka 1952, ambaye ukoo wake ni wa Frere Town ya Mombasa. Ofafa imeitwa kwa Ambrose Ofafa, diwani mwingine aliyeuawa katika siku za Hali ya Hatari.

Sasa niseme habari za ndani ya nyumba, kwani huko ndiko athari ilikokaa sana, na wasomaji wa jarida hili watakuwa na ushahidi wao.

Mwingereza wa tabaka la kati hakuamini kwamba nyumba inakamilika kwa kuta. Aliamini kwamba mwanamke ndiye anayeifanya nyumba, na kwamba kazi hiyo ina mafunzo. Mwaka 1926, mke wa Gavana Edward Grigg alianzisha huduma ya akina mama na watoto Pumwani, ambayo leo ni ile hospitali kubwa ya wazazi. Na Mombasa nasi tulikuwa na hospitali ya uzazi yenye jina la bibi huyo huyo. Wanawake wa Kizungu nchini walikuwa na chama chao tangu mwaka 1917, East Africa Women's League. Huko Uingereza, wanawake wa vijijini walikuwa na Women's Institute, chama kilichozaliwa Kanada mwaka 1897 na kufika Wales mwaka 1915, ambamo mke wa mchungaji na mke wa mkulima walikaa pamoja kujifunza kupika jamu, kushona na kuendesha mkutano kwa ajenda na kumbukumbu. Mfano huo ndio uliohamishiwa Kenya katika vilabu vya wanawake chini ya idara ya maendeleo ya jamii, iliyoongozwa na Tom Askwith, mtu aliyepata kupiga makasia katika michezo ya Olimpiki na aliyekuwa ofisa wa mambo ya Waafrika katika halmashauri ya Nairobi. Mwaka 1952 vilabu hivyo viliunganishwa na kuitwa Maendeleo ya Wanawake.

Madhumuni yake hayakuwa safi yote. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, na serikali ilitaka wanawake walioshika sindano badala ya wanawake wanaowapelekea chakula wapiganaji msituni. Lakini chombo kikishawekwa mkononi mwa watu hakimtii tena fundi wake. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama, na ajenda ya mkutano iliyofundishwa kwa ajili ya keki ikatumika kudai haki za wanawake.

Keki yenyewe ilibaki, na kufuma kulibaki. Ingia sebule yoyote ya Eastlands, iwe ya Jericho, ya Umoja au ya Kayole, utakuta makochi yamevishwa vitambaa vilivyofumwa kwa kulabu, vyeupe au vya rangi, migongoni, mikononi na juu ya meza. Siku ya Jumamosi hufuliwa vyote na kuanikwa. Asili ya vitambaa vya migongo ya viti ni Uingereza ya karne ya 19, wakati wanaume walipokuwa wakijipaka nywele mafuta yaliyoitwa Macassar, kwa jina la bandari ya Makassar katika visiwa vya Indonesia. Mafuta yalichafua viti, wanawake wakafuma vitambaa vya kuvikinga. Mafuta yalikwisha, vitambaa vikaendelea na safari, vikapita madarasa ya misheni na vilabu vya wanawake hadi Makongeni. Wala wasicheke wa pwani. Nimeviona Kisauni na Likoni pia, juu ya makochi ambayo hakuna mtu anayeyakalia isipokuwa wageni wa posa.

Hilo la sebule ya wageni ni somo peke yake. Nyumba ya Kiswahili humweka mgeni mwanamume barazani na mgeni mwanamke ndani au uani, na kila mmoja anasitirika bila kuonekana ametengwa. Nyumba ya kiungani ina mlango mmoja unaofungukia sebule moja, na mgeni akiingia ameingia kote. Mwingereza naye anapenda faragha, tena sana, ila faragha yake ni ya nyumba nzima dhidi ya jirani. Yetu ni ya ndani kwa ndani, na jirani mwanamke hahesabiwi mgeni. Mama aliyelelewa Majengo akihamia nyumba ya namna ile, siku nzima mume yuko kazini na watoto shuleni, hukuta kwamba amepewa faragha asiyoiomba na amenyang'anywa sitara aliyoizoea.

Twende Buruburu, maana huko ndiko ndoto hiyo ilikofika kileleni, na kwa mikono ya Wakenya wenyewe. Njia iendayo huko, Jogoo Road, zamani iliitwa Doonholm Road, kwa jina la shamba la ng'ombe wa maziwa la mlowezi wa Kiskoti, ambalo leo limebaki katika jina la mtaa wa Donholm. Buruburu ilijengwa kuanzia mwaka 1973 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa awamu tano, nyumba zaidi ya 4,000, kwa fedha za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola pamoja na serikali. Wachoraji wake walikuwa kampuni ya David Mutiso na Braz Menezes. Nyumba zimepangwa kuzunguka viwanja vidogo visivyo na njia ya kutokea, ambavyo wenyeji wanaviita koti. Kila nyumba ina ghorofa moja au haina, ina kibustani mbele na nafasi nyuma, na ua wa kayaba mpakani. Walionunua walikuwa makarani wa benki, walimu, wauguzi na maofisa wa wizara, yaani lile tabaka lililotamaniwa tangu mwaka 1948, sasa likiwa na serikali yake.

Walinunua kwa mkopo, hasa wa kampuni ya Housing Finance iliyoanzishwa mwaka 1965. Na hapa ndipo familia nyingi za Kiislamu zilipobaki nje ya lango. Mume wa mama yangu mdogo alikuwa mwalimu, na jina lake lilikubaliwa katika awamu ya pili. Alisoma karatasi usiku mzima, akahesabu riba ya miaka ile yote, asubuhi akazirudisha. Mama mdogo alinisimulia haya akichambua mchele, bila kuinua kichwa.

“Hujuti?” nikamuuliza.

“Kwa aliloliogopa, sijuti. Alimwogopa Mola wake. Lakini nimehama nyumba saba, mwanangu, na kila nikihama naacha mti nilioupanda.”

Ilipofika mwaka 2008 ndipo benki mbili za kwanza zinazofuata sharia kikamilifu zilipokuwa zimefungua milango nchini, na kwa wakati huo nyumba ile aliyoirudisha mwalimu ilikuwa na bei isiyoweza kutajwa mbele ya mwalimu yeyote. Husemwa sana kwamba Waislamu wa Nairobi walichelewa kwa kutojali elimu au kwa kupenda biashara. Ni wachache wanaokumbuka kutaja kwamba mlango wa kuingilia tabaka la kati, kwa kizazi kizima, ulijengwa kwa riba.

Mwanawe mkubwa hatimaye alinunua Buruburu kwa fedha za kazi ya Muscat, na mama mdogo anakaa kwake. Nilikuwa huko wiki mbili, na jambo lililonishangaza ni koti. Mchoraji alikusudia mahali pa kugeuzia magari. Siku ya Ijumaa niliyokuwapo palikuwa na hitima ya jirani, na tangu alfajiri masufuria yalikuwa yamepangwa katikati ya koti, mikeka imetandikwa, mapazia ya khanga yamefungwa baina ya mti na lango kuwasitiri wanawake, na akina mama wa Kikristo wa nyumba za pili wamekaa wanamenya viazi. Wiki iliyotangulia mahali pale pale palifanywa mkutano wa kuchangia safari ya jeneza la mzee mmoja kwenda Siaya. Koti limekuwa uani wa nyumba ishirini.

Sidhani kama litabaki hivyo. Kwa miaka mingi sasa wenye nyumba za Buruburu wameongeza vyumba kila upande. Kibustani kimekuwa duka, duka limepandishwa ghorofa, na baadhi ya nyumba zimevunjwa kabisa zikasimamishwa fleti. Ni rahisi kulaumu. Lakini aliyestaafu na pensheni ndogo huku ana futi thelathini za nyasi mbele ya mlango, mjini ambako chumba kimoja kina mpangaji kabla hakijapakwa rangi, ataziangalia nyasi hizo kwa jicho gani? Wenye nyumba wa Majengo walilijua jibu miaka mia iliyopita. Kwa upande wa Kaloleni, hatima iko mikononi mwa wakubwa. Serikali ya kaunti imekuwa na mipango ya kubomoa mitaa yake ya zamani na kujenga maghorofa, na Pangani imekwisha kufanyika hivyo. Huenda familia nyingi zaidi zikapata pa kukaa. Ninachouliza ni ghorofa ya kumi na mbili itapikwa wapi hitima.

Nyumbani kwa mama mdogo shauri hilo limeingia mezani. Mwanawe anataka kujenga vyumba sita mbele vya kupangisha, ada za shule zilipwe. Mkewe, aliyezaliwa Majengo nyumba yenye ukumbi, anataka vijengwe, ila viachwe na baraza na njia ya katikati ya kutokea kotini, ili asije akafungiwa nyuma ya ukuta wa wapangaji. Fundi anasema baraza itakula chumba kizima, yaani kodi ya chumba kimoja kila mwezi. Mama mdogo hakutoa fikira, alisema tu mti wa parachichi usikatwe. Nilipoondoka, lori lilikuwa limeleta mawe ya kuchonga, yamepangwa juu ya nyasi chini ya mti huo, na ramani ilikuwa bado haijatiwa saini.